Keki za Mzee Beddoes

Nerys Hallam alikuwa anatafuta maji ya kunawa mikono. Basi. Hakuwa na nia ya kuchungulia mambo ya watu. Mikono ilikuwa inamnuka, jua linazama nyuma ya vilima vya Wales, na mumewe na mtoto walikuwa wanamsubiri kwenye foleni ya keki.

Ilikuwa Jumamosi ya likizo fupi ya Oktoba, ile wiki ambayo nusu ya Wolverhampton hufunga safari kwenda mashambani kuchuma maboga ya Halowini. Howard, mumewe, alipitiliza njia panda mara mbili, kwa hiyo walifika shamba la akina Beddoes wakati wenzao wanaondoka. Maboga mazuri yalishakwenda. Yaliyobaki ni yale ambayo watu wameyageuza kwa mateke na kuyaacha.

Lakini Edie aliliona moja. Edie alikuwa na miaka sita, amevaa kofia nyeusi ya mchawi na mabuti ya mpira yaliyojaa tope.

"Lile, Mama! Lile kubwa!"

Boga lilikuwa zuri kwa juu. La rangi ya machungwa, mviringo, linang'aa. Nerys akachuchumaa, akalikumbatia kwa chini ili alinyanyue.

Vidole vikazama.

Chini hakukuwa na boga. Kulikuwa na uji wa kijivu, wenye nyuzinyuzi, na ulikuwa na joto. Joto, katika baridi ile! Harufu ikampanda puani kama kofi. Alipochomoa mikono, funza weupe walikuwa wanajipinda kati ya vidole, na mmoja amejibana chini ya pete yake ya ndoa.

"Lilikuwa linakusubiri wewe hilo," Howard akacheka.

"Usinichekeshe, Howard. Nitatapika."

"Haya, haya. Kanawe, bibie. Sisi tunapanga foleni ya keki. Za bure!"

Bomba la kwenye vyoo vya plastiki lilikuwa halitoi kitu. Nerys alilifungua likakohoa, likanyamaza. Nyuma yake mlango wa choo ulikuwa wazi na kilichokuwemo kilikuwa kimefurika hadi ukingoni. Akaziba pumzi, akageuka kwenda kwenye nyumba ya wenye shamba, mikono ameinyoosha mbele kama si yake.

Alipita karibu na meza ya keki. Bi. Beddoes, mwenye shamba, alikuwa amesimama chini ya taa zilizotundikwa kwenye kamba. Mwanamke mnene, mashavu mekundu, aproni safi.

"Karibuni, wageni, karibuni! Keki za roho, za kuwakumbuka marehemu, kama walivyozioka bibi zetu. Moja moja kwa kila mtu, na mwenye njaa asione haya!"

Watu walikuwa wanakula. Kina baba, vizee, vijana wenye damu ya bandia usoni. Kitoto kimoja kilimnyooshea keki mwendesha trekta, mtoto wa Bi. Beddoes mwenyewe. Yule jamaa akarudisha mkono nyuma haraka, kama aliyeonyeshwa kaa la moto.

Nerys aliona. Hakutilia maanani.

Mlango wa nyuma wa nyumba ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na ukumbi mwembamba, mabuti yamepangwa, makoti yananing'inia.

"Hodi? Naomba maji tu..."

Akaingia.

Harufu ilikuwa ya mdalasini na kungumanga, na mafuta ya nguruwe yaliyopashwa moto. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine. Nerys aliijua ila hakupata jina lake. Ilikuwa kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa wiki nzima.

Kisha akasikia.

Pap... pap... pap...

Kama mtu anayepigapiga unga taratibu kwa kiganja. Akafurahi. Jikoni hapo, na jikoni kuna sinki. Akausukuma mlango kwa kiwiko.

Dirisha lilikuwa wazi na chumba kilikuwa cha baridi kuliko nje. Juu ya meza ndefu, juu ya shuka jeupe, alilala mzee. Taya limefungwa kwa kitambaa. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa uchi, ngozi ya manjano kama nta ya mshumaa wa zamani, malaika meupe yametawanyika kifuani.

Na keki.

Zilikuwa zimepangwa juu yake, safu kwa safu, kuanzia kwenye mitulinga hadi kitovuni. Keki ndogo za duara, kila moja na alama ya msalaba.

Kikongwe mmoja, mikono ya gauni ameikunja, alikuwa anaziokota moja moja na kuziweka kwenye trei. Kila alipoinua keki, ngozi ya maiti ilibaki na duara la majimaji. Kisha anachukua mpya ya moto kutoka kwenye sahani ya pembeni, anaiweka palepale, anaigonga kwa kiganja ikae vizuri.

Pap.

Keki moja ilitoka na unywele mweupe umenata chini yake. Kikongwe akaiinua karibu na mdomo.

Akaupuliza.

Akaiweka kwenye trei.

Nerys hakupiga kelele. Koo lilikuwa limejaa mate ya chumvi, yale yanayotangulia matapishi. Kikongwe akageuka, akamtazama bila kushtuka.

"Umepotea, mwanangu? Maji yapo nje, kwenye pipa."

"Huyo... amekufa?"

"Tangu juzi. Kaka yangu huyo."

"Na hizo..."

Kikongwe akaitazama trei, kisha akautazama mlango. Sauti ikashuka ikawa mnong'ono.

"Umekula?"

"Bado."

"Basi usile." Akasogea hatua moja. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta. "Una mtoto hapa?"

Nerys akaitikia kwa kichwa.

"Kimbia."

Alikimbia. Aliwapiga watu vikumbo. Mtu akamtusi, mtu akacheka akidhani ni sehemu ya michezo ya Halowini. Howard alikuwa amesimama pembeni ya meza, makombo kidevuni, sahani ya karatasi mkononi, na sahani ilikuwa tupu.

"Nerys, umechelewa! Hizi ni kama alizokuwa akitengeneza nyanya yangu. Ngoja nikuombee nyingine..."

Edie alimtazama mama yake. Shavu moja lilikuwa limevimba. Anatafuna.

Nerys hakufikiri. Alipiga magoti kwenye tope, akatia vidole kinywani mwa mtoto. Vidole vilevile, vya boga. Edie akang'ata. Akalia. Nerys akachokoa shavuni, chini ya ulimi, kooni, mpaka tonge likamwangukia kiganjani. Lilikuwa rojo, na zabibu kavu, na kitu kingine chembamba kilichojikunja.

Unywele mweupe.

Edie akatapika juu ya mabuti yake. Watu wakarudi nyuma, nyuso zimekunjamana. Ila alichotapika kilikuwa kidogo. Mkononi mwake alishika kipande cha keki, na nusu nzima haikuwepo.

"Mama, kuna tatizo?" Bi. Beddoes aliinama juu ya meza.

"Nimeona," Nerys akasema. "Nimeingia ndani. Nimemwona."

Tabasamu la Bi. Beddoes halikutikisika hata kidogo.

"Baba mkwe alipenda sana wageni," alisema. "Nani mwingine hajapata? Wewe, baba, chukua, chukua!"

Garini, Nerys alieleza. Howard alicheka mwanzoni. Mahali fulani kabla ya mji wa Shrewsbury akaacha kucheka. Akashusha kioo.

"Ulikula ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Howard."

"Zilikuwa ndogo, mke wangu! Nilipewa sahani nikala sahani!"

Kisha akacheua. Hakuwahi kujizuia. Gari zima likajaa harufu ya maziwa yaliyoganda na manyoya ya kondoo yaliyolowa, na Edie, aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma, akaanza kukohoa usingizini.

Howard Hallam alikuwa mtu mpole. Alikuwa anauza miwani. Akikuta buibui bafuni, alimfunika kwa glasi, akampeleka bustanini, akamuaga. Jumapili yote alipiga mswaki mpaka povu likatoka jekundu. Jumatatu, wakati wa chakula cha jioni, aliweka uma chini.

"Nilifunga mlango," alisema.

"Mlango gani?"

"Wa chumba cha maziwa. Yule msichana wa kazi alikuwa na homa na alikuwa amelowesha godoro. Sikutaka aingie nyumbani. Aligonga. Mara ya kwanza aligonga kwa nguvu... halafu akawa anakwaruza." Howard alikuwa anatazama ukuta. "Nilimsikia. Nikaongeza sukari kwenye chai."

Nerys aliacha kutafuna.

"Howard, hujawahi kukaa shambani maisha yako yote."

"Najua."

"Hujawahi kuwa na msichana wa kazi."

"Najua, Nerys. Lakini sukari ilikuwa ya kahawia."

Yakawa yanakuja hivyo, moja baada ya jingine, kama mtu anayecheua. Mbwa aliyefungwa mnyororo na kusahauliwa kwa makusudi. Kaka aliyekuwa juu ya ngazi, na mkono ulioshika ile ngazi. Howard alilia akisimulia. Lakini kilichomtia Nerys kinyaa hakikuwa machozi, wala hata visa vyenyewe. Ni kwamba katikati ya kusimulia, mdomo wa mumewe ulijaa mate. Aliyameza. Kulikuwa na utamu mahali fulani mle ndani, utamu wa mtu mwingine, na ulimi wa Howard ulikuwa unaulamba.

Nerys akahamia chumba cha Edie. Alisema ni kwa sababu mtoto anakohoa.

Jumanne alimwogesha Edie. Aligeuka kuchukua taulo. Aliporudisha macho, mtoto alikuwa ameingiza wanasesere wake wote kwenye soksi ndefu, amefunga fundo, amekikandamiza kifurushi chini ya maji kwa mikono miwili. Kichwa amekilaza upande. Anasikiliza.

"Edie? Unafanya nini, mwanangu?"

"Paka," Edie alisema. Hakuinua macho. "Wanaacha kulia ukisubiri."

Kesho yake Nerys aliomba ruhusa kazini kwamba anaumwa, akaendesha gari peke yake mpaka shambani. Hakukuwa na taa wala muziki. Maboga yaliyobaki yalikuwa yamemwagwa kwenye zizi la nguruwe, na nguruwe walikuwa wameyazamia mpaka machoni, wanatafuna, rojo la rangi ya machungwa linawachuruzika videvuni. Bi. Beddoes alikuwa amesimama na ndoo.

"Nilijua utarudi," alisema. "Tumemzika jana. Utakunywa chai?"

"Sitakunywa chochote hapa."

"Haya." Akamwaga ndoo. "Uliza basi, mwanangu. Umetoka mbali."

"Mmewalisha watu nini?"

Bi. Beddoes alijifuta mikono kwa aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Zamani alitafutwa mtu mmoja. Fukara. Alikula keki zote yeye, pamoja na dhambi, juu ya kifua cha marehemu, ili marehemu aondoke mwepesi. Alikaa peke yake kule bondeni na hakuna aliyempa mkono. Wa mwisho alijinyonga, mama mkwe alimwona kwa macho yake. Sasa niambie, siku hizi nani atakubali kazi hiyo? Na mzee wetu..." Akaiweka ndoo chini. "Mzee wetu alikuwa na mengi. Tungemwacha nayo, asingetoka mle nyumbani. Ningekuwa namsikia kwenye ngazi mpaka nife."

"Kwa hiyo mkatulisha sisi."

"Wageni wanakuja wenyewe. Mamia. Kila mmoja anabeba chembe. Anaota vibaya siku mbili, anasema ni mafua. Nani kaumia?"

"Mume wangu haoti. Anakumbuka."

"Mumeo," Bi. Beddoes alisema, "alikula kama mtu aliyefunga mwezi mzima."

"Na mtoto wangu?"

Hapo ndipo uso wa yule mwanamke ulipobadilika kwa mara ya kwanza. Akatazama nguruwe.

"Watoto huwa wanazitema. Tunatia kungumanga nyingi makusudi, ziwe chungu. Hatukutaka watoto."

"Nataka imtoke."

"Haitoki."

"Nimesema nataka..."

"Haitoki, mwanangu. Inahama." Alisogea karibu, akanong'ona, ingawa hapakuwa na mtu mwingine ila nguruwe. "Si lazima awe maiti. Akilala usingizi mzito, mwekee mkate kifuani. Uache mpaka kupambazuke. Atakayeula ndiye atakayebeba. Ajue, asijue... ila ale kwa mkono wake mwenyewe."

Nerys aliondoka bila kuaga. Njiani alisimamisha gari mara mbili, akafungua mlango, akatema mate barabarani.

Edie alipolala, alimwekea biskuti moja ya kawaida chini ya shati, juu ya mfupa wa kifua. Akakaa kitini. Biskuti ikapanda na kushuka, ikapanda na kushuka. Kulipopambazuka ilikuwa imelowa. Imekuwa laini, kama kitu kilichokaa muda mrefu kinywani mwa mtu.

Aliila jikoni, amesimama mbele ya sinki. Ilikuwa na ladha ya maziwa yaliyoganda. Tumbo likaikataa, ikapanda mpaka kooni, akajiziba mdomo kwa mikono miwili na kuimeza mara ya pili. Ikapanda tena. Akaimeza mara ya tatu, machozi yanamtoka.

Halafu akawa anajua.

Akajua uzito wa gunia. Jinsi linavyocheza mkononi mwanzoni, na jinsi linavyokuwa zito na tulivu baadaye. Akajua baridi ya maji mpaka kwenye kiwiko. Na mahali fulani, chini kabisa, akajua ile raha.

Juu, Edie aliamka anaimba. Alitaka yai.

"Nerys."

Howard alikuwa mlangoni na nguo zake za kulalia. Hakuwa amenyoa ndevu tangu Jumapili. Alikuwa ameona yote.

"Ulifanyaje?"

Akamweleza. Ilikuwa haki yake kujua.

Howard akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanong'ona, kama mtoto anayeomba kitu anachojua hatapewa.

"Na mimi, je?"

Nerys alimtazama. Alimpenda mtu huyu. Alijaribu kufikiria sahani nzima, keki baada ya keki, msichana na mbwa na ngazi, vyote viingie ndani yake, ambamo gunia moja tu lilikuwa linatosha kumfanya asitake kujigusa. Mate ya chumvi yakamjaa.

"Siwezi," alisema. "Nisamehe. Siwezi, Howard."

Akaitikia kwa kichwa. Hakumlaumu. Akaenda kumkaangia Edie yai.

Zikapita siku. Howard hakusimulia tena. Nerys alidhani anameza kimyakimya, na kwa kweli, ingawa asingemwambia mtu, alishukuru. Aliendelea kulala chumba cha mtoto. Asubuhi alimkuta mumewe ametangulia kutoka.

Ijumaa moja katikati ya Novemba alirudi nyumbani akakuta nyumba inanukia siagi. Edie alikuwa mezani anachora. Howard alikuwa amevaa aproni, amenyoa, rangi imemrudia usoni, anapiga mluzi huku anasugua trei kwenye sinki.

"Mke wangu! Njoo, njoo. Leo mchana nimelala usingizi kama mtoto mchanga."

Nerys alibaki mlangoni na koti lake.

"Umeoka?"

"Tangu juzi nimekuwa nikioka kidogo kidogo, usiku nazilaza kifuani. Leo nimezipeleka dukani." Alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, lake mwenyewe, lile la siku zote. "Zimekwisha kabla hata ya chai ya saa nne. Wamenipigia makofi."

"Howard... nani amekula?"

"Wote. Meneja, yule kijana wa lenzi, wateja wawili watatu. Bridget wa mapokezi ndiye kamaliza kazi, kala nne peke yake. Unajua mimba ya miezi saba ilivyo na hamu."

Alisema hivyo. Kisha akasikia alichokisema. Mkono ukasimama juu ya trei, povu likawa linadondoka sakafuni, tone, tone. Ukaanza kusugua tena.

"Ni chembe tu," alisema. "Kila mtu chembe. Nani kaumia?"

Nerys alitoa simu kwenye mkoba. Namba ya Bridget alikuwa nayo. Akaitazama mpaka kioo kikazimika, akakiwasha, kikazimika tena. Atamwambia nini? Ajue au asijue, alikuwa ameshakula. Ili itoke, lazima mtu mwingine ale.

Howard alikuja akambusu shavuni. Pumzi yake ilikuwa safi kabisa. Ilinukia mnanaa.

Nerys alifika bafuni kwa shida.

Aliporudi, amejifuta mdomo, mumewe alikuwa anapanga unga na zabibu kavu juu ya kabati.

"Wameniomba nioke tena wiki ijayo," alisema bila kugeuka.

"Kwa nini?" sauti ya Nerys haikutoka vizuri. "Si umesema zimekwisha?"

Howard alifungua droo, akatoa kijiko. Akapima unga. Edie aliacha kuchora, akawatazama wote wawili.

"Karibu zote," Howard alinong'ona, akajigusa kifuani.